Ukinzani: lini mtu amejipinga kweli, na lini amesingiziwa

Katika mabishano ya Kiswahili ya siku hizi, iwe bungeni, redioni au kwenye magrupu ya WhatsApp, lawama inayotupwa ovyo kuliko zote ni hii: "Unajichanganya." Mtu alitoa kauli mwaka juzi, leo katoa nyingine isiyofanana nayo, mwenzake anaziweka video mbili sambamba, na mjadala unahesabiwa umekwisha. Wenye lugha ya vitabuni watasema kauli zake zina ukinzani. Ajabu ni kwamba mara nyingi ukizisoma kauli zenyewe taratibu, hazikinzani. Zinatofautiana, zinapishana, pengine zinaudhi, lakini hazikinzani.

Ubaya wa kulitumia neno hivyo ni kwamba ukinzani ni lawama nzito. Ukithibitika, lazima mojawapo ya kauli mbili iwe ya uongo, na huna haja hata ya kujua ni ipi. Hukuwapo kwenye tukio, humjui mtu, hujafanya uchunguzi wowote, ila umeshajua kwamba kati ya maneno yake kuna lisilo kweli. Hakuna lawama nyingine yenye uwezo huo, na kitu chenye uwezo huo hakiwezi kukosa masharti.

Neno lenyewe linatokana na kitenzi "kinza", yaani kupinga, kuzuia, kwenda kinyume. Vitu viwili vikipingana tunasema vinakinzana, na hali hiyo ndiyo ukinzani. Limetanuka sana. Katika siasa tuna hoja kinzani, katika fizikia ukinzani ni ile hali ya waya kuuzuia umeme usipite kwa urahisi, na walimu wa fasihi wana "kweli kinzani", ambayo tutaifikia. Maana ninayoifuatilia hapa ni moja tu, ya wanamantiki: kauli moja inathibitisha jambo, nyingine inalikanusha jambo hilohilo.

Majirani wa neno hili ndio wanaolichafua. Utata ni kauli moja kubeba maana zaidi ya moja. Mkanganyiko umo zaidi kichwani mwa msikilizaji kuliko kinywani mwa msemaji. Mgongano mara nyingi ni wa maslahi au wa matakwa, na watu wawili wanaotaka kiti kimoja hawajasema lolote lisilopatana. Kujikanyaga ni kupoteza mpangilio wa maneno, hasa mtu akibanwa kwa maswali, nako kunaweza kuzaa ukinzani au kusizae. Kigeugeu ni sifa ya mtu, wala si ya sentensi.

Kanuni ya msingi iliandikwa na Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo: haiwezekani sifa ileile iwepo na isiwepo katika kitu kilekile, kwa wakati uleule na kwa upande uleule. Watu hukumbuka nusu ya kwanza ya kanuni hiyo na kuisahau ya pili, na kazi yote imo katika nusu ya pili.

Wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu waliipokea kanuni hiyo na kuichambua mpaka mwisho, na kutoka lugha yao ndiko Kiswahili kilikopata neno "tanakuzi", ambalo kwao ndilo ukinzani wenyewe, ingawa sisi tumelihamishia darasa la fasihi. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na mji wa Bukhara katika Uzbekistan ya leo na kuishi kati ya mwaka 980 na 1037, hakuwa na subira na wanaoikana kanuni yenyewe. Aliandika kwamba mtu wa namna hiyo achapwe na kuchomwa moto mpaka akiri kuwa kuchapwa na kutochapwa si kitu kimoja. Ni ukali wa kupindukia, lakini shida yake inaeleweka: huwezi kuitetea kanuni hii kwa hoja, maana kila hoja utakayoileta tayari inaitegemea.

Kabla ya masharti, kuna tofauti moja ambayo lugha ya kila siku huipita bila kuiona. "Shati hili ni jeupe" na "Shati hili si jeupe" ni ukinzani kamili: moja ikiwa kweli nyingine ni uongo, na hakuna njia ya tatu. Lakini "Shati hili ni jeupe" na "Shati hili ni jeusi" ni kinyume tu. Haziwezi zote mbili kuwa kweli, ila zote mbili zinaweza kuwa uongo, kama shati lenyewe ni la kijani. Mijadala mingapi ya siasa hukwama hapo! Anayekataa kwamba bei ya unga imepanda hajasema kwamba imeshuka. Asiyeikubali sera ya serikali hajajitangaza mpinzani. Tunamlazimisha mtu achukue rangi nyeusi kwa sababu amekataa nyeupe, kisha tunamshambulia kwa rangi tuliyomvika wenyewe.

Kiswahili kina mtego wake hapo, nao umo katika neno "wote". Muhtasari wa kikao umeandikwa: "Wajumbe wote walihudhuria." Wewe unajua kwamba kati ya wajumbe 10 walikuja 7. Unanyanyua mkono kusahihisha: "Mwenyekiti, wajumbe wote hawakuhudhuria." Kwa masikio ya wengi umesema hakuja hata mmoja, na hiyo nayo ni uongo. Wewe na muhtasari mmekosea wote wawili, kama shati jeupe na jeusi. Kikanushi halisi cha "wote walihudhuria" ni "si wote waliohudhuria", na kinatimia kwa mjumbe mmoja tu aliyekosa. Vivyo hivyo kikanushi cha "hakuna kiongozi mwaminifu" si "viongozi wote ni waaminifu". Ni "yupo walau mmoja". Wakili anayejua tofauti hiyo hamalizi nguvu kuthibitisha mengi, huleta mmoja.

Masharti sasa. Katika karne ya 13 Athir al-Din al-Abhari aliandika utangulizi mfupi wa mantiki ambao wanafunzi wa madrasa katika nchi nyingi waliukariri kwa karne kadhaa. Humo na katika vitabu vilivyoandikwa kuufafanua imo orodha ya mambo 8 ambayo lazima yawe mamoja ndipo kauli mbili zihesabiwe kuwa zinakinzana: kinachozungumziwa, kinachosemwa juu yake, wakati, mahali, uhusiano, sharti, kama ni sehemu au kitu kizima, na kama ni kwa uwezo au kwa tendo. Jambo moja likihitilafiana, ukinzani umeanguka.

Mengine ni mepesi. "Salim ni baba" na "Salim si baba" hazikinzani kama ya kwanza inamzungumzia kwa Asha na ya pili kwa Idi. "Sumu hii inaua" na "Sumu hii haijaua" zinakaa pamoja bila ugomvi, chupa ikiwa bado kabatini: uwezo upo, tendo bado. Kuhusu sehemu na kitu kizima, Aristotle alimtumia Mwethiopia: ni mweusi, lakini meno yake meupe. Vitabu vya Kiarabu vikamwondoa Mwethiopia vikamweka Mzanji, yaani mtu wa pwani yetu hii, na vizazi vya wanafunzi vikakariri kwamba Mzanji ni mweusi kwa baadhi yake na si mweusi kwa ukamilifu wake. Babu zetu wameingia katika historia ya mantiki kwa mlango wa meno, wala hakuna aliyewauliza.

Sharti la wakati ndilo linaloua lawama nyingi za "unajichanganya". Waziri aliyesema mwaka 2015 kwamba mradi fulani haufai, na mwaka 2020 akasema unafaa, amebadili msimamo. Unaweza kumuuliza kilichombadilisha. Unaweza kusema amebadili gia angani, au amekula matapishi yake, na pengine utakuwa na haki. Lakini kujipinga kimantiki hajajipinga, isipokuwa alisema mwaka 2015 kwamba mradi ule hautafaa kamwe. Neno "kamwe" linafuta sharti la wakati, na wanasiasa wazoefu hulikwepa.

Undumilakuwili nao uwekwe kando. Mzee anayewaambia vijana sigara inaua huku yeye anavuta pakiti kwa siku hajasema maneno mawili yanayopingana. Amesema neno moja, nalo ni kweli, kisha akafanya kinyume chake. Lawama yake ipo, ila inahusu mwenendo, na haiifanyi sigara kuwa salama.

Hapa ndipo methali zinapoingia, kwa sababu kila mwanafunzi mjanja huwa anawakamata walimu wake nazo. "Haraka haraka haina baraka", halafu "Ngoja ngoja huumiza matumbo". "Umoja ni nguvu", halafu "Wapishi wengi huharibu mchuzi". Wahenga wamejichanganya? Wangejichanganya kama methali zingekuwa sheria za fizikia, zikidai kuwa kweli mahali pote na kwa kila hali. Methali haidai hivyo. Kila moja imebeba sharti lisilosemwa, na sharti hilo hujazwa na anayeitumia pale anapoitumia. Kwa anayeshona nguo ya harusi, haraka ni hasara. Kwa anayesubiri posa huku mwenzake ameshapeleka mshenga, kungoja ndiko hasara. Ujuzi wa methali ni ujuzi wa kujua ipi iingie wapi, na mtoto anayezikusanya mbili mbili ili awacheke wazee bado hajaanza kuzitumia.

Kweli kinzani ya walimu wa fasihi ni jambo la karibu na hilo. "Kimya kingi kina mshindo mkuu": kimya chawezaje kuwa na mshindo? Ukiligawa jambo kwa wakati, ukinzani unayeyuka: kimya cha leo, mshindo wa kesho. Mtunzi ameondoa makusudi moja ya mambo yale 8 ili msikilizaji ashtuke, kisha airudishe mwenyewe. Na tanakuzi, kwa namna inavyofundishwa shuleni, ni kuweka maneno yenye maana kinyume karibu karibu, kama "Tamaa mbele, mauti nyuma". Humo hamna hata harufu ya ukinzani wa kimantiki. Neno lilisafiri kutoka kwa wanamantiki likatua kwa washairi, na huko limepata kazi nyingine.

Sharti gumu kuliko yote ni lile la maana. Al-Abhari analihesabu ndani ya "kinachosemwa", lakini kwetu linastahili kusimama peke yake, na mfano mzuri kuliko wa kubuni tunao katika katiba zetu.

Ibara ya 1 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inasema Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano. Mwaka 2008 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitamka bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na mjadala mkali ukazuka pande zote mbili za Muungano. Mwaka 2010 Zanzibar ikaifanyia Katiba yake ya mwaka 1984 marekebisho ya 10, na sasa Katiba hiyo inaitambulisha Zanzibar kuwa nchi yenye mipaka yake, na kuwa mojawapo ya nchi mbili za Jamhuri ya Muungano. Tangu hapo wanasheria na wanasiasa wamekuwa wakisema katiba hizi mbili zinakinzana.

Zinakinzana? Kauli ya Pinda na Katiba ya Zanzibar ya sasa, kwa umbo lake, ndiyo: moja inakanusha, nyingine inathibitisha, na kinachozungumziwa ni kimoja. Lakini katiba mbili zenyewe kwa zenyewe haziko hivyo. Moja inaizungumzia Tanzania, nyingine Zanzibar. Ili zigongane unahitaji kauli ya tatu, kwamba nchi haiwezi kuwa ndani ya nchi, na kauli hiyo haikubaliki kila mahali. Waskoti wanaiita Scotland nchi, na Uingereza yote nayo ni nchi, na hawaoni shida.

Yote yanaishia kwenye neno "nchi". Likimaanisha dola yenye kiti chake Umoja wa Mataifa, basi baada ya tarehe 26 Aprili 1964 dola ni moja, na anayesema ziko mbili anakinzana na anayesema iko moja. Likimaanisha watu wenye eneo, mipaka, historia na serikali yao ya ndani, Zanzibar ni nchi na Tanzania ni nchi, na kauli zote mbili zinasimama. Tazama pia tofauti ya herufi chache kati ya "nchi mbili zilizounda Muungano" na "nchi mbili zinazounda Muungano". Ya kwanza ni historia, hakuna anayeweza kuibisha. Ya pili inasema habari ya leo, na ndiyo inayoweza kugombana na "nchi moja". Maoni yangu ni kwamba mjadala ule wa 2008 ulikuwa wa maana ya neno, na uliendeshwa kana kwamba ni wa ukweli wa jambo. Watu walirushiana ramani, bendera na wimbo wa taifa, ilhali swali lililotakiwa kuanza lilikuwa: unaposema nchi, unasema nini?

Hadi sasa nimesema kauli mbili. Kuna ukinzani unaojificha katika kauli tatu, nne au kumi, ambazo ukizichukua mbili mbili zinapatana vizuri kabisa. Wachina wana kisa chake, kimo katika maandishi ya mwanafalsafa wao Han Feizi wa karne ya 3 kabla ya Kristo. Mfanyabiashara wa nchi ya Chu aliisifu ngao yake kwamba hakuna kitu kinachoweza kuitoboa, kisha akausifu mkuki wake kwamba hakuna kitu usichoweza kukitoboa. Mtu akauliza: vipi nikiupiga mkuki wako kwenye ngao yako? Muuzaji akakosa jibu. Sifa ya kwanza ni ya ngao, ya pili ni ya mkuki, na kila moja peke yake inawezekana. Zikiongezewa ya tatu, kwamba mkuki huo na ngao hiyo vipo pamoja, haziwezekani, ila ilihitajika mtu wa kuuliza swali la kuzikutanisha. Hadi leo Wachina huliita jambo la namna hiyo "maodun", yaani mkuki na ngao.

Kwa kawaida kiungo kinachozikutanisha kauli ni jambo ambalo hakuna aliyelisema. Shahidi anadai kwamba saa 9 alasiri alikuwa Morogoro mjini, na saa 11 jioni alikuwa Dar es Salaam katikati ya jiji. Ukinzani? Peke yake, hapana. Unakuja ukiongeza kwamba safari hiyo kwa basi, na foleni za kuingilia Dar, haiishi kwa saa 2. Kwa miaka mingi hakimu yeyote angeiongeza kauli hiyo kichwani bila kujua kwamba ameiongeza. Tangu treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, ianze kubeba abiria mwaka 2024, safari hiyo ni chini ya saa 2, na maelezo yaleyale yaliyokuwa hayawezekani sasa yanawezekana. Maneno ya shahidi hayakubadilika. Kilichobadilika ni kauli iliyofichika. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu kwamba maelezo yake hayaingiani, itoe hadharani ile kauli uliyoiongeza mwenyewe. Mara nyingi ndiyo mbovu.

Kwa nini wanamantiki wanauogopa ukinzani kiasi hicho? Kwa sababu ukiuruhusu mmoja tu, unaweza kuthibitisha chochote. Chukua kauli mbili: jana mvua ilinyesha, na jana mvua haikunyesha. Kwa kuwa ilinyesha, basi ni kweli pia kwamba ama ilinyesha au Mlima Kilimanjaro uko Lamu. Kauli ya "ama, au" hutosheka upande mmoja ukiwa kweli, na upande wa mvua ni kweli. Lakini tumekubali vilevile kwamba mvua haikunyesha. Upande wa mvua umeondoka, umebaki mmoja: Kilimanjaro uko Lamu. Hakuna hatua iliyokosewa hapo. Kosa liko mlangoni, tulipozikaribisha kauli zote mbili. Ndiyo maana barua ya mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell ya mwezi Juni 1902, iliyomwonyesha mwanamantiki Mjerumani Gottlob Frege ukinzani mmoja katika misingi yake ya hesabu, ilimtikisa Frege vibaya sana juzuu ya pili ya kazi yake ikiwa karibu kutoka. Ufa ule mmoja ulitosha kuangusha nyumba nzima.

Binadamu, kwa bahati nzuri, hawaishi kama misingi ya hesabu. Sote tuna imani kadhaa zisizopatana, na hatufikii mkataa kwamba Kilimanjaro uko Lamu. Tunaliweka kando lisiloingiana tukaendelea na maisha. Mahali ambapo hali hizi mbili, ukali wa mantiki na udhaifu wa kumbukumbu za watu, zinalazimika kukaa chumba kimoja ni mahakamani.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ina msimamo ambao mawakili wa jinai wanaujua kwa moyo, na uamuzi unaotajwa sana umechapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1995. Ushahidi ukiwa na hitilafu na ukinzani, mahakama haina ruhusa ya kupita kimya. Ina wajibu wa kuzitaja hitilafu hizo na kujaribu kuzisuluhisha inapowezekana. Zikishindikana, iamue kama ni ndogo au zinagusa kiini cha kesi. Katika rufaa nyingine ya jinai ya mwaka 2007 mahakama hiyohiyo ilizigawa hitilafu mafungu mawili. Za kawaida hutokana na macho kukosea, kumbukumbu kufifia kwa kupita muda, au mshtuko wa tukio lenyewe, na hizo haziutafuni ushahidi. Za msingi ni zile ambazo huzitarajii kwa mtu wa kawaida, na hizo huutafuna.

Chukua uvamizi wa usiku. Shahidi wa kwanza anasema mvamizi alivaa shati la bluu, wa pili anasema jeusi. Usiku, watu wamelala, panga liko hewani: hitilafu ya kawaida. Sasa shahidi wa kwanza aseme alimtambua mshtakiwa kwa sababu taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, na wa pili, aliyekuwa sebule hiyohiyo dakika hiyohiyo, aseme umeme ulikuwa umekatika tangu jioni na hapakuwa na mwanga wowote. Kama kesi yote imesimama juu ya kutambuliwa kwa macho, hapo kiini kimeguswa. Tofauti ya rangi na tofauti ya mwanga zote ni "kujichanganya" kwa lugha ya mtaani. Mahakamani, moja inapita na nyingine inamfungulia mtu mlango wa gereza atoke.

Na hapo masharti yale 8 yanafanya kazi kila siku, hata kama hakuna anayemtaja al-Abhari. Nikitoa mfano mmoja wa mtego wa kwetu: saa. Shahidi anasema kwa Kiswahili kwamba tukio lilikuwa "saa 2 usiku", yaani 20:00. Kwa miongo mingi kumbukumbu za mahakama za juu kuanzia ya wilaya ziliandikwa kwa Kiingereza, mpaka mwaka 2021 sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mwandishi akiiacha 2 ibaki 2, tukio limehamia 02:00, saa 6 mbele, na shahidi wa pili aliyeandikwa vizuri anaonekana anampinga mwenzake. Mashahidi hawakukinzana, kalamu ndiyo iliyowakinzanisha. Undugu nao ni vivyo hivyo. Shahidi mmoja anasema mshtakiwa alikuwa na baba yake, mwingine anasema alikuwa na baba yake mdogo. Wakili aliyekulia kwenye familia ya Kiswahili anajua wote wawili wanaweza kuwa wamemwona mtu yuleyule. Karatasi haijui.

Wakati wa maswali ya dodoso, yaani yale anayoulizwa shahidi na upande wa pili, wakili mzuri wa utetezi huyafanyia kazi masharti haya kimyakimya kabla hajadai ukinzani. Anamfungia shahidi milango mmoja mmoja: ulikuwa umesimama wapi, saa ngapi kwa saa ya Kiswahili, taa ipi, kabla au baada ya kelele, uliona mwenyewe au uliambiwa? Akishamaliza, ndipo anapomsomea maelezo aliyoandikisha polisi. Asiyejua kazi huanza na kusoma maelezo, shahidi akajibu "nilimaanisha baadaye kidogo", na mlango wa wakati ukamtorosha.

Lipo la mwisho ambalo huwashangaza wanafunzi wa sheria. Mashahidi wanne wakija wakasimulia tukio la usiku neno kwa neno, mpangilio uleule, idadi ileile ya hatua kutoka mlangoni, bila hitilafu hata moja, majaji hawafurahi. Wanauliza ni nani aliyewakalisha pamoja kabla ya kesi.